Geuza LOUS Upate SOUL: Vidokezo 10 vya Kusaka Sauti Tamu za Kina Mama Ukiwa Likasi

Umerudi kutoka kazini Shituru, vumbi mpaka kwenye nyusi. Simu ina asilimia 23, mega zenyewe ni za kuhesabu, na SNEL, wenye umeme wao, haijasema kama usiku huu itakuwa rafiki au adui. Unachotaka ni sauti moja ya mwanamke anayejua kuimba, ikutulize roho kabla ya bukari. Unafungua simu: nyimbo ni zile zile za mwaka jana!

Pole sana. Lakini usikate tamaa, maana soul na R&B za kina mama ziko karibu nawe kuliko unavyodhani. Mbinu zifuatazo hazihitaji spika kubwa wala binamu wa kukutumia CD kutoka Brussels. Zinahitaji masikio mawili na daftari dogo. Tuendelee?

1. Anza Lubumbashi, Los Angeles itasubiri

Kosa letu ni lile lile. Tukisikia neno R&B tunapanda ndege ya mawazo mpaka Marekani, kumbe tungepanda taksi tu. Kilomita 120 hivi kutoka hapa, pale Lubumbashi, mwaka 1996 alizaliwa Marie-Pierra Kakoma. Alikulia Ubelgiji na Rwanda kwa vipindi, na jukwaani anajiita Lous and the Yakuza. Sasa chukua kalamu. Andika LOUS. Zipange upya hizo herufi nne. Umeona? SOUL! Wala haikutokea kwa bahati, alilichagua jina makusudi.

Anza na wimbo wake "Dilemme" wa mwaka 2019, kisha albamu yake ya kwanza, Gore, ya mwaka 2020. Ina nyimbo 10, kwa hiyo unaimaliza kabla maharage hayajaiva. Sauti yake ni ya chini, kavu kidogo, haimbembelezi mtu. Anaimba Kifaransa, na mapigo chini yake ni ya vijana wa leo. Ukisikiliza mara ya kwanza utasema "sawa". Mara ya tatu utanyamaza.

Ukitoka kwake, rudi kwa shangazi wa wote: Tshala Muana, naye mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 1958, aliyetuacha Desemba 2022. Najua, najua, mutuashi siyo R&B, usinipigie simu. Lakini sikiliza "Karibu Yangu" bila kutazama kiuno cha mtu, uniambie kama sauti ile haina roho.

2. Usisubiri sebene

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopitwa.

Rumba yetu ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha nyuma ni sebene: magitaa yanakimbizana, atalaku anataja majina ya wenye pesa, viuno vinafanya kazi. Chumba cha mbele ni cha mwimbaji: polepole, maneno, pumzi. Sisi tukifika tunapita chumba cha mbele kama watu wanaokimbia mvua, tunakwenda kusimama nyuma. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza wimbo wa Mbilia Bel miaka ishirini asijue yule mama anaimba nini.

Mbinu ni hii. Chagua wimbo mmoja wa zamani, hata huo "Nakei Nairobi" wa Mbilia Bel. Sikiliza dakika mbili za mwanzo, zima, anza tena. Safari ya pili fumba macho, ujiulize maswali matatu tu. Anapumua wapi? Neno gani analivuta mpaka linapanda na kushuka kama mtu kwenye ngazi? Wapi anapunguza sauti hadi gitaa linampita? Ukiweza kujibu hayo, umeshajifunza kusikiliza soul. Mambo ni yale yale kwa Whitney Houston, yale yale kwa Anita Baker, lugha tu ndiyo inabadilika.

Mjaribu pia M'Pongo Love. Mama huyu alipata ulemavu wa miguu utotoni, akasimama jukwaani na sauti nyembamba, safi, inayopenya kama sindano kwenye kitenge. Alifariki Januari 1990, hajatimiza hata miaka 34. Yuko pia Abeti Masikini wa Kisangani, aliyeimba kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1973, na Carnegie Hall, New York, mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1974, Septemba, alikuwa kwenye tamasha kubwa la Kinshasa lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Ali na Foreman, pamoja na Miriam Makeba, James Brown na Celia Cruz. Yaani soul ya Marekani ilikuja yenyewe nyumbani kwetu, ikamkuta mwenyeji yuko tayari.

Ukimaliza zoezi, haya, cheza sebene yako. Nani atakukataza?

3. Mtafute anayeitikia nyuma

Hii ndiyo mbinu yangu ninayoipenda kuliko zote, na ni bure. Nyuma ya kila mama mwenye jina kuna mwingine anayeitikia au anayecheza, na kesho yule wa nyuma ndiye atakuwa mbele. Tshala Muana alianza akiwa mchezaji katika kundi la M'Pongo Love. Mbilia Bel alipita kwa Abeti kabla Tabu Ley hajamchukua katika bendi yake, Afrisa. Ng'ambo nako ni vivyo hivyo: Cissy Houston na kundi lake, Sweet Inspirations, waliitikia nyuma ya Aretha Franklin. Binti wa Cissy alikuwa anasikiliza. Binti huyo ndiye Whitney.

Basi fungua ukurasa mmoja wa daftari, andika jina la mwimbaji unayempenda katikati, chora mishale mitatu: nani alimfundisha, nani aliitikia nyuma yake, nani aliimba naye wimbo mmoja. Mishale mitatu kwa wiki. Baada ya mwezi utakuwa na majina kumi na mawili, na hujauliza programu yoyote ya simu ikuchagulie.

Mfano wa mshale unaokwenda mbali: Marie Daulne alizaliwa Isiro, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, mwaka 1964, akakulia Ubelgiji, akaunda Zap Mama, kundi la wanawake walioimba kwa midomo mitupu bila hata gitaa. Albamu ya Zap Mama ya mwaka 2004, Ancestry in Progress, ina sauti ya Erykah Badu ndani yake. Isiro mpaka kwa Badu, mshale mmoja!

4. Nenda kanisani siku isiyo ya ibada

Jumapili kuna vipaza sauti, kinanda kimefunguliwa mpaka mwisho, na mpiga ngoma ana hasira zake. Huwezi kusikia sauti ya mtu mmoja. Nenda katikati ya wiki, jioni, siku ya mazoezi ya kwaya. Kaa benchi la nyuma kwa adabu. Mwalimu atasimamisha wote na kusema: "Mama, rudia peke yako." Hapo hapo, kimya kimeingia, mama wa sokoni anafungua kinywa na wewe unasahau ulikuja kufanya nini.

Soul ilitoka hapo hapo. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji wa Detroit, na mwaka 1972, akiwa tayari nyota, alirudi kanisani, Los Angeles, akarekodi Amazing Grace mbele ya waumini. Kwetu sisi, ndugu wa Makoma walichukua nyimbo za Mungu kwa Kilingala na kuzivalisha R&B wakiwa Uholanzi. Kama ulikuwa na masikio mwanzoni mwa miaka ya 2000, "Napesi" iliingia nyumbani kwenu hata kama hamkuikaribisha. Sauti ile ya mbele ni ya Nathalie Makoma, ambaye mwaka 2008 alishika nafasi ya pili katika shindano la Idols la huko huko Uholanzi. Ukitaka kitu cha taratibu zaidi kwa ajili ya alfajiri, weka Dena Mwana.

5. Simu yako ina sikio, itumie

Uko nganda, Simba ya baridi mezani, wimbo mzuri unapita. "Yaya, ni nani ule anaimba?" Yaya hajui. Mwenye nganda hajui. Aliyeweka flashi amekwenda kwao Kambove. Usihangaike! Shazam, hata bila mtandao, inakuhifadhia kipande ulichokisikiliza, na mega zikirudi inakuletea jina. Iweke mahali kidole kinapofika haraka, maana nyimbo nzuri hazingoji utafute miwani.

Na usidhani mji wetu ni mdogo mno kwa uvumbuzi. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alipita hapa na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana mmoja na gitaa. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco wa Bunkeya, na "Masanga" aliyoirekodi hapa ikatembea dunia nzima. Tracey alikuwa na gari lililojaa mitambo. Wewe mfukoni una kifaa chepesi kuliko nyundo.

6. Mega ni pesa, zihesabu

Kwa ufupi. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde inakula megabaiti 43 hivi kwa saa. Ukiipandisha hadi 320, saa ile ile inakula 144. Kwa spika ya simu hutasikia tofauti, nakuhakikishia. Ingia kwenye mipangilio, shusha ubora, zima video. Na pakua nyimbo usiku kama mtandao wako una kifurushi cha usiku, ili mchana usikilize bila wasiwasi. Umeme nao ukikatika, usilalamike: televisheni imezimika, jirani amezima redio, ni saa nzuri kuliko zote za kumsikiliza Sade.

7. Wimbo mmoja, sauti mbili

Unataka kujua sauti ya mtu ni yake kweli? Msikilize akiimba wimbo wa mwingine. Roberta Flack alifanya "Killing Me Softly" itambe mwaka 1973. Lauryn Hill akaja na Fugees mwaka 1996, wimbo ule ule, ngoma nzito chini. Roberta ananong'ona kama anaandika barua. Lauryn anasimama wima kama anasoma hukumu. Wasikilize wakifuatana, halafu amua nani wako. Mimi kura yangu ni ya Roberta, na nyumbani tumegombana kuhusu jambo hili mara nyingi.

Na hii sasa ni zawadi kwa msemaji wa Kiswahili: Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, alichukua wimbo "Free" wa Stevie Wonder akaugeuza kuwa "Sina Mali, Sina Deni", uliotoka katika albamu yake Sambolera ya mwaka 1996. Soul ya Kimarekani imevaa kitenge na unaelewa kila neno! Ukiwa na muda wa wimbo mmoja tu leo, acha kusoma hapa, nenda ukauweke huo.

Umerudi? Vizuri.

8. Vuka ziwa, lugha ni ile ile

Karibu ile ile. Kiswahili cha Dar kina kona, chetu kimenyooka kama reli ya kwenda Tenke, lakini tunaelewana. Lady Jaydee ndiye mlango: albamu yake Machozi iliwaonyesha Watanzania kwamba R&B inaweza kulia kwa Kiswahili bila kuona haya. Ukimaliza kwake mtafute Ray C, halafu Nandy na Maua Sama. Kenya wapo Nikita Kering' na Xenia Manasseh, ingawa hao huimba zaidi kwa Kiingereza. Uganda, Juliana Kanyomozi. Na ukitaka kujua mama wa Kiswahili alianza lini kurekodi, mtafute Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Ni taarabu, siyo R&B, lakini anavyolivuta neno, mabinti wengi wa leo wangemwita mwalimu.

9. Acha wengine wakuchujie

Huna muda wa kusikiliza wasanii mia upate mmoja. Kuna watu kazi yao ni hiyo. Shindano la Prix Découvertes la RFI huteua wasanii wa Afrika kila mwaka. Wewe pitia orodha ile tu, wimbo mmoja mmoja. Mwaka 2019 mshindi alikuwa wetu, Céline Banza, binti mwenye gitaa anayeimba Kingbandi kwa sauti laini yenye huzuni. Huenda hujui hata neno moja la Kingbandi. Mimi pia. Hatujapungukiwa kitu.

Mbinu nyingine ya kuchuja: ukiandika jina la mwimbaji kwenye simu, ongeza neno "live". Video ya studio imepakwa poda na sauti imenyooshwa na mashine. Mtafute kwenye Tiny Desk, yale maonyesho yanayorekodiwa katika ofisi ya redio ya Marekani, mwimbaji kasimama mbele ya dawati na rafu za vitabu. Erykah Badu alikwenda pale mwaka 2018. Mahali padogo namna ile hapana pa kujificha: kama sauti ipo, ipo.

10. Jaza kadi, lakini andika majina

Sasa nikuambie aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nilimpelekea kijana mmoja kadi ya simu anijazie nyimbo za taratibu. Alijaza kweli, kwa bei nzuri, ila kila faili aliipa jina la namba. Wimbo wa saba ulikuwa wa mwanamke mwenye sauti ya moshi, saksofoni ikimfuata kama mlinzi. Nikaupenda kupita kiasi. Kwa miaka miwili nilimwita mama huyo "Track 07". Nilimwimba jikoni, nilimsifu kwa wageni, na nikiulizwa ni nani najibu, "Mmarekani mmoja." Siku ya kumjua ilipofika nikataka kujificha: alikuwa Sade Adu, mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, na albamu ile, Diamond Life, ilitoka London mwaka 1984. Mwafrika mwenzangu! Miaka miwili namnyima jina lake.

Kwa hiyo, ukienda kujaza kadi au flashi, usiagize "nyimbo za taratibu". Peleka karatasi: jina la mwimbaji, jina la albamu. Sema unataka albamu nzima, kwa mpangilio wake. Kwa kuanzia karatasi yako inaweza kuwa hivi: Diamond Life ya Sade, Rapture ya Anita Baker ya 1986, Baduizm ya Erykah Badu ya 1997, The Miseducation of Lauryn Hill ya 1998, Sambolera ya Khadja Nin, Gore ya Lous. Albamu sita, wiki sita. Wiki moja kwa albamu moja, usichanganye, hata ukichoka siku ya tatu. Siku ya tano ndiyo wimbo uliokuwa unauruka unaanza kukuita. Ukisafiri kwenda Lubumbashi umepata bahati: barabara ile inameza albamu mbili na kubakiza, hasa dereva akisimama kununua makaa.

Na binti wa Kikula au Panda anayeimba vizuri kuliko wengi niliowataja, huyo tunamjua sote. Kila kata ina wake. Wiki hii mwombe ruhusa, mrekodi wimbo mmoja kwa simu, mahali penye utulivu, mbali na kinu cha unga, halafu mtumie yeye kwanza kabla ya mtu mwingine. Akikubali usambazwe, hakikisha faili ina jina lake kamili. Tusimfanye Track 07.